Wati 4 na spika za rafuni

Najua nimepotea, test zilitubana hapa chuoni mpaka basi. Leo sina habari za mapindi wala za foleni ya chakula. Nataka kuongelea spika, maana wiki mbili hizi chumbani kwetu hakuna mada nyingine.

Stori iko hivi. Mjomba wangu ni fundi redio, na amenipa amplifaya aliyoiunda mwenyewe, ya valvu, vile vichupa vya kioo ambavyo ukizima taa unaviona vinawaka kwa ndani. Ina valvu mbili za EL84 za kusukuma spika, moja kila upande, na kila upande unatoa kama wati 4 tu. Ndiyo, nne! Rumeti wangu alicheka mpaka akakaa chini, maana boksi la sabufa yake limeandikwa PMPO wati 5000. Lakini aliposikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe kwenye spika za kuazima, akanyamaza kidogo, halafu akasema na yeye atachangia. Mimi laki moja na nusu kutoka kwenye bumu, yeye laki moja. Hela hiyo ikipotea ni mihogo mpaka mwisho wa semista, kwa hiyo hakukuwa na kubahatisha.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawaambiwi dukani: wati zilizoandikwa nyuma ya spika hazisemi italia kwa nguvu gani. Zinasema inaweza kubeba umeme kiasi gani kabla ya kuungua. Kwa mwenye wati 4 namba hiyo karibu haina kazi. Namba ya kutafuta ni sensitiviti, yaani spika ikipewa wati 1, ukiipima mita 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi. Spika nyingi ndogo za rafuni ziko kati ya 84 na 88. Za 90 na kuendelea unazitafuta kwa tochi.

Utasema desibeli sita ni kitu gani. Ni kitu kikubwa! Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, lazima wati ziwe mara mbili. Spika ya 84 ukiipa wati 4 zote inafika 90. Spika ya 90 inafika hapo hapo kwa wati 1, na unabaki na akiba kwa ajili ya pale ngoma na tarumbeta zinapoingia kwa pamoja. Muziki hauendi tambarare, vilele vyake huruka desibeli 10 na zaidi juu ya wastani. Amplifaya ikiishiwa pumzi pale kileleni, sauti inasongamana na waimbaji hawasikiki vizuri.

Sasa kwa nini kila spika isiwe ya 90? Hapo kuna sheria ngumu, inaitwa ya Hofmann, yule ambaye jina lake ndiyo H ya kampuni ya spika ya KLH, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957. Kwa kifupi, kuna vitu vitatu: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua viwili, cha tatu utakikosa. Ndiyo maana zile redio za mbao za mababu zetu zilijaza baraza zima kwa wati chache: boksi kubwa, koni ya karatasi nyepesi, na besi ya kutingisha kifua hakuna aliyeidai. Na wala sensitiviti ndogo siyo ubovu. LS3/5A, spika ndogo ya BBC ya miaka ya 1970, inasifiwa mpaka leo, na yenyewe ni kama 83 tu. Inataka amplifaya yenye misuli, basi.

Jumamosi tukaenda Kariakoo, amplifaya kwenye begi la mgongoni. Tukabakiza jozi mbili za mtumba. Ya kwanza vidogo, vizito, vinang'aa, omu 4, wati 120, sensitiviti 86. Muuzaji akasema, "Dogo, hizi utabomoa ukuta wa hosteli!" Bei laki mbili na nusu. Ya pili maboksi makubwa kiasi, yamechubuka kona, omu 8, wati 50, sensitiviti 90. Bei laki na themanini.

Rumeti macho yote kwenye wati 120. Nikamwomba tukae pembeni tupige hesabu. Ile 86 ilikuwa imepimwa kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8, volti hizo ni wati 1. Kwenye ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo kwa wati 1 ya kweli, ile ni 83 siyo 86. Tofauti yake na 90 ni desibeli 7, maana yake ingebidi mjomba atuundie amplifaya ya wati 20 ndiyo tulingane.

Kabla ya kulipa tukakagua. Ule ukingo unaozunguka koni, kama ni wa sponji huoza kwa miaka. Huu ulikuwa wa kitambaa, mzima. Nikasukuma koni taratibu kwa vidole, haikwaruzi. Mita ikasoma omu 6, ambayo ni kawaida kwa spika ya omu 8. Tukaunga waya kwanza ndipo tukawasha, maana mjomba alishanionya: usiwashe valvu bila spika, utaua transfoma. Tukapiga dansi la zamani, halafu Bongo Fleva ya rumeti. Dansi lilijaa duka. Kwenye Bongo Fleva ile besi ya chini haikuwepo, na rumeti akasema waziwazi, "Hapa mimi ndiyo nimeumia."

Alisema kweli, na hela ni ya wote wawili. Tukakubaliana tuchukue zile za 90, na ile elfu sabini iliyobaki irudi kwake nyingi kuliko kwangu. Sasa spika ziko juu ya rafu ya vitabu, migongo karibu na ukuta, na ukuta unaongeza besi kidogo. Akitaka mtikisiko anawasha sabufa yake, mimi naenda maktaba.

Kwa hiyo mdau mwenye amplifaya ndogo, anza na muziki unaousikiliza, kisha sensitiviti, kisha omu. Wati za spika ziangalie mwisho. Mwenye swali aulize, nitamfikishia mjomba. Alamsiki.