Majuma Matano Katika Nyumba ya Watoto Watano

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupata kwangu habari za ngeli, za insha na za makosa ya wanafunzi. Safari hii naomba ruhusa niwasimulie habari za nyumba moja, ingawa najua kisa chenyewe kitarudi kwenye sarufi, maana mwalimu hana pengine pa kurudi.

Nyumba hiyo iko Provo, katika jimbo la Utah, Marekani, chini ya milima mirefu ambayo ubavuni mwake imechorwa herufi moja kubwa nyeupe ionekanayo mji mzima. Mama wa nyumba alikuwa mwanafunzi wangu. Kati ya mwaka 2016 na 2018 yeye na mumewe walikaa Kampala kwa kazi ya mume, naye akaja kwangu mara mbili kila juma kujifunza Kiswahili, mtoto mmoja akimshika mkono na mwingine akiwa mgongoni. Nimefundisha watu wazima wengi, na aghalabu hutoweka tufikapo kwenye ngeli ya tatu. Huyu hakutoweka. Aliporejea kwao aliendelea kuniandikia kwa Kiswahili, na mwaka 2023 wakanitumia tikiti ya ndege ili nikae nao tangu mwishoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Julai, niwafundishe watoto wao, ambao sasa walikuwa watano.

Mkuu wa shule yangu alinipa ruhusa isiyo na mshahara. Lililonitatiza ni kwamba siku ya wazazi kuwatembelea watoto katika shule ya bweni aliyosoma mwanangu, wakati huo akiwa na miaka 8, ingeangukia katika majuma hayo hayo. Nilimwomba dada yangu aende kwa niaba yangu, nikafunga mizigo.

Wenyeji wangu ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Watu wengi huwaita Wamormoni, lakini tangu mwaka 2018 viongozi wao wamewasisitizia watu watumie jina lote, refu kama lilivyo. Majirani zangu nyumbani hawakuwa na haja ya jina lote. Waliniuliza swali moja tu, kwamba je, bwana huyo ana wake wangapi? Nikawajibu kwamba anaye mmoja, na kwamba kanisa hilo lilitangaza kuiacha ndoa ya wake wengi tangu mwaka 1890. Hawakuridhika hata kidogo. Mama yangu mzazi naye, ambaye haamini kwamba mgeni anaweza kwenda mikono mitupu, alinifungia nusu kilo ya majani ya chai ya kwetu. Nilijua fika kwamba watu hawa hawanywi chai, wala kahawa, wala pombe, wala hawavuti tumbaku, kwa agizo la tangu mwaka 1833. Lakini nani awezaye kumweleza mama yangu agizo la mwaka 1833? Mwenyeji wangu aliipokea chai ile kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, na kila asubuhi, kwa majuma yote matano, akanichemshia maji yeye mwenyewe.

Asubuhi! Saa kumi na mbili u nusu nyumba nzima ilikusanywa sebuleni kusoma maandiko. Binti wa miaka 9 alisoma mistari yake kwa haraka ya mtu mwenye shughuli nyingine. Mdogo wake wa miaka 7 alisoma kwa kidole. Wa miaka 5 alisomewa maneno, akayarudia. Wa miaka 3 aliyarudia ambayo hakuna aliyeyasema. Mtoto mchanga wa miezi 5 alikuwa akinyonya. Kisha wakapiga magoti, wakaomba, na kabla ya amina ya mwisho haijatua tayari mtu alikuwa amempiga mwenzake. Baba akaondoka kwenda kazini. Zilikuwa siku za likizo ya shule, hivyo wote watano walibaki nyumbani na mama yao kutwa: maziwa yaliyomwagika, mikate ya siagi ya karanga, nepi, mashine ya kufulia isiyonyamaza, ugomvi juu ya kikombe cha rangi ya samawati. Mlangoni mwa friji palibandikwa karatasi yenye majina ya watoto na kazi zao, huyu kufagia, huyu kukunja soksi. Karatasi ile ilipangwa kwa umaridadi kuliko kitu kingine chochote katika nyumba ile.

Sitaki msomaji adhani kwamba nadhihaki. Nilikuwa nimefika na picha kichwani mwangu, picha ya jamaa wenye tabasamu wameketi mezani na nywele zimechanwa, kama ionekanavyo katika vitabu vyao. Picha ile ilivunjika siku ya kwanza, nami nikawapenda zaidi.

Jumapili ndiyo iliyonionyesha uzito wa mambo. Kanisa lile halina kasisi wa kulipwa katika mitaa yake. Askofu ni fundi, mwalimu au mfanyabiashara wa kawaida aliyeitwa kutumikia kwa miaka kadhaa, na washauri wake wawili vivyo hivyo. Mume wa mwenyeji wangu alikuwa mmoja wa washauri hao. Aliondoka alfajiri kwenda mikutanoni, na ibada ilipoanza alikuwa ameketi mbele juu ya jukwaa, akiwatazama watu wote pamoja na mkewe. Mkewe alikuwa ameketi benchi la nne na watoto watano, akiwagawia vijiduara vya nafaka kimoja kimoja ili wasipige kelele. Mkate na maji ya meza ya Bwana vikapitishwa, na mtoto wa miaka 3 akataka kuchukua vipande viwili. Tangu mwaka 2019 ibada na madarasa yao ya Jumapili huchukua saa mbili badala ya tatu. Nilipoelezwa hivyo nilishukuru kimoyomoyo. Saa ya pili yeye mwenyewe alikwenda kufundisha darasa la watoto, kwa maana naye ana wito wake. Jumanne jioni mume alikuwa kanisani; Jumatano jioni alikuwa na vijana; Alhamisi alikwenda kumwona mgonjwa. Hakuna aliyemlipa hata senti, bali wao ndio waliotoa zaka, sehemu moja ya kumi ya mapato yao.

Hapo niweke neno kwa walimu wenzangu. Mwenyeji wangu alinionyesha vitabu vya kanisa lao vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili, nikaona kwamba usharika mmoja wanauita kata, na jumla ya kata kadhaa wanaiita kigingi, kwa mfano wa hema katika kitabu cha Isaya ambalo vigingi vyake hukazwa ili lisianguke. Nililicheka neno hilo kwanza. Baadaye, nikimwona yule mama benchi la nne, sikulicheka tena.

Lakini wana siku moja ambayo hawaikopeshi mtu. Jumatatu jioni kanisa halifanyi mikutano, ili kila jamaa wakae pamoja nyumbani. Desturi hii waliianzisha mwaka 1915, na tangu mwaka 1970 imekuwa ya Jumatatu. Nilidhani nitaona ibada ndogo ya utulivu. Nilichoona ni hiki: mtoto wa miaka 7 ndiye aliyekuwa mwenyekiti jioni ile. Alisimama juu ya kigoda, akatangaza wimbo, akakataa wimbo aliouchagua dada yake, akaketi, akalia, akabembelezwa, akasimama tena. Baba alifundisha juu ya ukweli kwa muda wa dakika nne, ndizo alizopewa. Wa miaka 5 alikuwa chini ya meza. Kisha wakala keki, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyetoroka.

Mimi nilimtazama yule mwenyekiti wa miaka 7, ambaye nilimjua akiwa mgongoni mwa mama yake Kampala, nikahesabu. Mwanangu nilimpeleka bweni akiwa na miaka 7. Nilikuwa na sababu, tena nzuri: matokeo ya shule ile, masomo ya jioni ninayofundisha ili kuongeza kipato, na desturi ya wenzangu wote kazini. Nimezieleza sababu hizo mara nyingi. Usiku ule sikumpata wa kumweleza.

Katika juma la tatu niliamka usiku kunywa maji, nikaona taa katika chumba cha akiba, chini ya ngazi. Jamaa hawa huhimizwa kuweka chakula cha siku za dhiki, kwa hiyo mle ndani mlikuwa na ndoo za ngano, maharagwe na mchele mpaka darini. Mwenyeji wangu alikuwa ameketi juu ya ndoo mojawapo, katika giza nusu, akilia bila sauti, kwa ufundi wa mtu aliyezoea kulia bila kumwamsha mtoto. Aliponiona hakusema kwa Kiingereza.

“Mwalimu,” akasema, “ninachoka.”

Naona haya kuandika nilivyofanya, lakini wenzangu mtanielewa. Nilimsahihisha. Nikasema, “Nimechoka, mdogo wangu. Sema nimechoka.” Sote twajua kanuni: kitenzi cha hali kama kuchoka, kulala, kusimama au kuiva hutaka kiambishi -me- tukieleza hali iliyopo. Ninachoka ni kosa ambalo nimelikata kwa wino mwekundu kwa miaka zaidi ya 20.

Akatikisa kichwa. “Hapana, Mwalimu. Nimechoka ni ya mtu aliyemaliza. Mimi bado. Ninachoka.”

Nikaketi juu ya ndoo ya maharagwe. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha pole pole, kwamba anampenda mumewe, anawapenda watoto, anaipenda imani yake, wala hataki maisha mengine. Alilorudia mara mbili ni hilo, kwamba hataki maisha mengine. Ila hana mahali pa kusema neno hili. Akilisema kwa Kiingereza watoto watalisikia, na mumewe, ambaye naye hulala saa tano, atajiona mkosaji. Kina mama wa kanisani ni wema. Alipojifungua walimletea chakula cha jioni kila siku kwa majuma mawili, na ndiyo sababu anaona aibu kuwalalamikia. Basi akiwa peke yake jikoni hulisema kwa Kiswahili. Hulisema kwa sauti kabisa, mbele ya watoto wote, na hakuna anayejua.

“Kwa hiyo, tafadhali,” akasema, “wafundishe salamu, wafundishe wanyama na kuhesabu. Neno hilo usiwafundishe.”

Nikaahidi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejisifu kwamba mwanafunzi huyu anakipenda Kiswahili kwa uzuri wake.

Majuma mawili yaliyofuata niliwafundisha wanyama. Nilifua pia, nikapika, nikambeba mchanga mgongoni kwa kitenge, jambo lililowastaajabisha majirani. Asubuhi mbili mama alilala mpaka saa mbili. Zaidi ya hayo sikuwa na uwezo.

Jumatatu yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 24 Julai, sikukuu kubwa ya jimbo lile, ya kukumbuka waanzilishi wao walioingia katika bonde la Salt Lake mwaka 1847 baada ya safari ndefu ya magari ya ng’ombe. Mchana kulikuwa na gwaride na joto kali. Jioni nikaombwa mimi nitoe somo. Kila mtoto akataja neno lake la Kiswahili: simba, maziwa, saba. Yule wa miaka 3 akasema “shikamoo” akimwambia paka. Ikaja zamu ya binti wa miaka 9, mwenye masikio makali kuliko wote, akasema ana neno ambalo mimi sikumfundisha, amelisikia kwa mama yake jikoni mara nyingi. “Ninachoka,” akasema, kwa matamshi safi kabisa. Maana yake nini?

Nikamtazama mama yake. Mume naye alikuwa akinitazama, kalamu mkononi, kwa kuwa alikuwa akiandika maneno ya watoto katika daftari. Ningeweza kusema kwamba ni neno la wimbo. Nilikwisha kufungua kinywa.

Mama mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa kitambo kidogo nyumba ile ilinyamaza, ajabu ya pekee niliyoiona huko. Kisha wa miaka 5 akasema hata yeye ni hivyo hivyo, wote wakacheka, isipokuwa baba. Baba akamwomba mkewe alirudie neno lile taratibu, silabi kwa silabi, akaliandika. Usiku huo niliwasikia wakizungumza jikoni hadi saa saba. Sikujua waliyoyasema, nami niliondoka siku nne baadaye. Katika barua ya Oktoba aliniarifu kwamba mume bado ni mshauri wa askofu, na kwamba Jumamosi asubuhi sasa ni zake yeye, hutoka peke yake kwa saa tatu. Akaongeza kwamba Januari atajaribu tena ngeli ya ki-vi.

Ama mwanangu, nilikwenda kumwona Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi. Aliniamkia vizuri, akaketi mkabala nami na mikono juu ya magoti, kama wanavyokaa wanafunzi wangu waitwapo ofisini. Muhula wa tatu ulipoanza nilimhamishia shule ya kutwa iliyo karibu na nyumbani. Nimeacha masomo ya jioni ya Jumatatu na Alhamisi, na fedha zake zinapungua kweli kweli. Dada yangu asema nilipoteza akili Marekani. Shule ile ya bweni ilikuwa na matokeo mazuri mno, na nafasi nilizoiachia ziligombewa na watu kumi. Huenda anasema kweli. Kila asubuhi tunatafuta kiatu kimoja.