Vijiti vya Lantana kutoka Kindu

Shangazi aliagiza lantana, ya rangi mbili. Nikakata vijiti kumi na viwili vya urefu wa kiganja, nikang'oa majani ya chini, nikavifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya bidoni iliyokatwa mdomo. Motari alivitazama akacheka. Watu wanapeleka Kampene chumvi, sabuni na makayabu, mimi napeleka kuni!

Tulivuka Lualaba hadi Alunguli, tukashika njia ya Kalima. Upande ule sikuwa nimewahi kufika. Matope mpaka magoti. Mara mbili tulishuka tukasukuma, na bidoni kifuani kama mtoto.

Pale kivukoni Elila ndipo nilipovutwa. Mchangani, karibu na mahali wanapofulia nguo na, tuseme ukweli, wanapokojoa, vipepeo walikuwa wametanda: weupe, wa njano, wengine na mistari ya kijani, mabawa yamesimama, mirija yao imezama topeni. Wanatafuta chumvi. Wengi huwa madume, na chumvi hiyo humpa jike wanapopandana.

"Kaka, unaona?" motari akasema. "Hata hawa wanataka chumvi. Maua yako nani aliyaomba?"

Kampene ni mji wa kasiteriti na dhahabu. Marehemu mume wa shangazi alifanya kazi SOMINKI, kampuni iliyozaliwa mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yalipounganishwa, na siku hizo mbele ya nyumba yao palikuwa na ua wa lantana wenye vipepeo asubuhi nzima. Huo ndio alioutaka tena.

Tukachimba upande wa jua, maana kivulini lantana hurefuka bila kuchanua. Kila kijiti tulikizamisha nusu, tukashindilia, tukamwagilia jioni. Nikamwambia pia asiipende mno: ni mmea wa kutoka Amerika, ndege hula tunda lake jeusi na kutapanya mbegu, na mbuzi akila majani huweza kuugua. Kichala kikinyauka, kikatwe kabla hakijazaa. Shangazi akaniangalia kama anayefundishwa kusonga fufu.

Kesho yake nikaona mndimu wake mchanga umeliwa. Viwavi wadogo wa kahawia na weupe walikuwa juu ya majani, ungedhani mavi ya ndege. Wakubwa wao walikuwa kijani, wanono. Nikaanza kuwabandua na kuwarushia kuku. Watatu walikwenda. Wa nne nilipomgusa, alichomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini, nyekundu ya chungwa, na harufu kali ikanipanda puani.

"Weee, acha!" Shangazi alikuwa akitwanga sombe, mchi ukabaki hewani. "Hao ndio wenye maua."

Kumbe alijua. Kipepeo yule mkubwa mweusi wa madoa ya njano hunywa kwenye lantana, lakini mayai yake hutaga kwenye mndimu na mchungwa, na mtoto wake hali ua hata siku moja. Miaka yote ile, alisema, ua wa SOMINKI ulisimama karibu na michungwa ya jirani.

Nilikaa wiki tatu. Vijiti tisa vilitoa macho, vitatu vilioza. Mndimu ulibaki fito tupu upande mmoja, na shangazi alikuwa ameufunga kamba nyekundu ili watoto wa parseli wasiwaguse wapangaji wake.