Panga Mbili na Kanda Iliyobaki Kasindi

Nikiwa na miaka kumi na mmoja nilijua upanga wa pili uko wapi: ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kasindi, kwa dada mtu. Vijee, mtafsiri wetu wa filamu, ndiye aliyesema, na vijee hakuwa mtu wa kubishiwa.

Kibanda chake cha video kilikuwa Bwera, karibu na soko: mabati juu, kavera nyeusi za plastiki madirishani, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, na jenereta nje ikikohoa. Kiingilio shilingi 100. Filamu za siku ziliandikwa kwa chaki ubaoni. Sisi watoto wa Kasese tulifika likizoni kwa bibi, juu ya lori la magunia, tukikata kona ya Kikorongo nyuso zimejaa vumbi, na kabla ya kumsalimu bibi vizuri tulikuwa tumeshachungulia ule ubao.

Kampala vijee walitafsiri kwa Kiganda. Wa kwetu angefanya hivyo angebaki na mabenchi matupu, maana nusu ya watazamaji walikuwa wachuuzi waliovuka kutoka Kongo. Basi alichanganya Kiswahili na Lhukonzo, lugha ambayo Wanande wa upande wa pili wanaielewa bila shida, kwa kuwa ni watu wamoja waliogawanywa na mpaka. Kiswahili mimi nilikikuta nyumbani. Baba alikiokota Kilembe, kwenye mgodi wa shaba, enzi za watu wa kila kabila kushuka shimoni pamoja, kabla mgodi haujasimama mwaka 1982.

Vijee alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiipunguza sauti ya Wachina na kupandisha yake. Kikantoni hakukijua. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa meupe, na mashujaa nao wamevaa meupe, kwa hiyo hata mwenye macho mazuri hakusoma kitu. Alilokuwa hajui alilitunga, tena papo hapo, mapigano yakiendelea.

Filamu ninayoisema ni Kung Fu Cult Master ya mwaka 1993, Jet Li akiwa Zhang Wuji. Kuna silaha mbili zinazowatoa watu roho, na kila mwenye nguvu anazitaka. Kwa nini mbili? Picha haikutuambia, au ilituambia kwa lugha isiyo yetu. Vijee akatia yake: baba mmoja alifua panga mbili kwa chuma kimoja, moja akampa mwana wa kiume, nyingine binti. Binti akaolewa Kasindi. Kibanda kizima kiliangua kicheko, na mama mmoja wa vitenge akajibu kutoka nyuma kwamba shemeji yake ni yeye na mahari bado haijaisha.

Kisha filamu ikakatika. Shujaa hajamaliza kazi, adui wamesimama, na majina yanapanda kwenye kioo. Tukapiga mabenchi. "Vijee, sehemu ya pili iko wapi?" Akatutuliza kama mkubwa: "Wadogo zangu, kanda iko Kasindi, forodhani. Ijumaa." Ijumaa ile haikuja, wala nyingine. Tulimwita mwizi. Tuliapa kwamba anawaonyesha matajiri usiku.

Novemba 1996 waasi wa ADF waliivamia Mpondwe, na Bwera ikawa mji wa kulala mapema. Mimi nilizuiwa kwenda kwa bibi. Niliporudi, VCD zilikuwa zimeingia, filamu zimeshatafsiriwa Kampala, sauti ya VJ Jingo ikitoka ndani ya sahani yenyewe. Mtu wa kukaa kando ya televisheni hakuhitajika tena. Baadaye king'amuzi cha StarTimes kikaleta tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti kwa Kiswahili sanifu, kila mhusika na sauti yake, safi, imepangwa. Nilizitazama kwa heshima. Sikucheka.

Mwaka 2013 kampuni ya Tibet Hima ilikabidhiwa mgodi wa Kilembe, na Kasese ikapata Wachina wa kununua nao nyanya. Mmoja, fundi wa mitambo, alizoea kunywa chai hotelini ninapokunywa mimi. Siku moja nikamtajia zile panga. Akaweka kikombe chini. Kumbe filamu ilitoka kwenye riwaya ya Jin Yong, iliyochapwa kwa sehemu katika gazeti lake la Ming Pao kuanzia 1961 hadi 1963, na Mchina wa umri wake anaijua kama sisi tunavyowajua sungura na fisi. Alichora nyuma ya risiti: moja ina makali pande mbili, imenyooka, ndiyo Yitian, nyingine ina makali upande mmoja, ndiyo Tulong, kiuajoka. Kiswahili kina maneno yake, upanga na kitara. Vijee aliziita zote panga, za kufyekea migomba.

Zilifuliwa kwa chuma cha upanga mmoja mzito, akasema, wakati Wamongolia wameuzingira mji wa Xiangyang. Ndani mlifichwa maandiko: ya vita kwenye kitara, ya mapigano kwenye upanga. Ili kuyatoa, unazigonganisha mpaka zote zivunjike. Na waliozifua, mume na mke, walimpa mwana wao wa kiume kitara, binti yao upanga.

Nikamwomba arudie hapo mwisho. Akarudia.

Sehemu ya pili je? Haikuwahi kutengenezwa, akasema. Miaka yote tuliyomtukana vijee, alikuwa anangoja kanda ambayo haipo, au alijua na akatuhurumia.

Nilimwona mwaka jana soko la Mpondwe, kichwa cheupe, anauza betri na chaja za simu. Nilimsalimu shikamoo, nikamweleza habari ya kaka na dada. Hakushangaa hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba mvua hutoka mawinguni. Nikaongeza kwamba mwaka 2022 Wong Jing, mwongozaji yuleyule, aliirudia hadithi kwa filamu mbili, na safari hii ikafika mwisho.

Akafunga betri nne kwenye kavera, akampa mteja chenji, ndipo akaniuliza kama imeshavuka Kasindi.