Hamsini Haitoshi: Barua kwa Mpwa Wangu

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

  Mama yako amenieleza kwamba ulipata alama 61 kwenye usaili wa mchujo wa Afisa Ugavi, lakini hukuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo umekata tamaa. Pole sana, mama. Mimi nimestaafu nikiwa afisa utumishi wa halmashauri, na vijana wengi nimewaona wakiyafunga matokeo ya namna hiyo wasiyaguse tena. Wewe yafungue upya, safari hii ukiwa na kalamu na daftari.

Kwanza elewa kilichotokea. Alama ya kufaulu ni 50, lakini kufaulu ni jambo moja na kuchaguliwa ni jambo jingine. Idadi ya wanaoitwa hatua inayofuata hutegemea nafasi zilizotangazwa, nao huchukuliwa kuanzia wa juu kushuka chini. Ndiyo maana katika kada yenye waombaji wengi mwenye 61 anaweza kubaki nje, na katika kada yenye waombaji wachache mwenye 52 akaitwa. Kwa hiyo hukufeli. Ulikuwa chini ya mstari, na mstari huo unaweza kuuona kwa macho yako.

Matokeo ya mchujo ambayo Sekretarieti ya Ajira huyatangaza yana namba za usaili, alama, na mwishoni neno la kuonyesha nani amechaguliwa na nani hakuchaguliwa. Nenda kwenye kada yako, Afisa Ugavi Daraja la II, umtafute mtu wa mwisho aliyechaguliwa. Andika alama yake; huo ndio mstari. Pembeni andika mwezi na mwaka, mwajiri, nafasi zilizokuwapo na idadi ya waliofanya usaili. Kisha tafuta matokeo ya nyuma ya kada hiyohiyo, manne au matano, ufanye vivyo hivyo. Usichanganye kada, maana mstari wa wahasibu au madereva hautakusaidia kitu. Wala usitosheke na tangazo moja, kwa sababu nafasi zikipungua mstari unapanda.

Tuseme umekuta mstari umekuwa kati ya 64 na 73. Lengo lako lisiwe 64, wala lisiwe 73. Jiwekee 78, ili hata ushindani ukiongezeka uwe bado ndani. Halafu igeuze tofauti hiyo iwe maswali. Kutoka 61 hadi 78 ni kama maswali nane au tisa katika kila maswali 50. Huo si mlima, mama. Kazi yako ni kujua maswali hayo yako wapi.

Kaa chini ukumbuke mtihani wako mada kwa mada: sheria na kanuni, mpango wa ununuzi wa mwaka, njia za ununuzi, tathmini ya zabuni, usimamizi wa mikataba, utunzaji wa stoo. Kila mada ipe alama ya kweli: nilijua, nilibahatisha, sikujua. Ulizobahatisha ndizo za kuanza nazo, kwa kuwa ujuzi wake unao nusu tayari. Muda mwingi wa wiki zako uende huko, usiirudie ile mada unayoipenda kwa sababu tu unaisoma bila shida.

Jambo jingine ni vile vijitabu vya maswali vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Vingi bado vinajibu kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na mfumo wa TANePS. Leo tuna Sheria Na. 10 ya 2023, Kanuni zake za 2024, na zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST. Ukikariri jibu la zamani utalijaza kwa kujiamini na utakosa. Kwa hiyo matokeo ya nyuma yakuonyeshe mstari, lakini majibu yachukue kwenye sheria yenyewe. Soma pia majukumu ya kazi yaliyoandikwa kwenye tangazo, moja baada ya jingine, na kwa kila jukumu jitungie maswali mawili au matatu.

Angalia vilevile orodha za kuitwa kazini, ila zisome kwa uangalifu. Ndani yake huwamo watu waliofaulu mahojiano ya nyuma wakakosa nafasi, wakahifadhiwa kwenye kanzidata. Usizitumie kuhesabu waliopita kwenye usaili mmoja. Funzo lake ni hili: hata siku ya mahojiano ukiona washindani ni wengi kuliko nafasi, pigania kufaulu, maana aliyefaulu anaweza kuitwa baadaye bila kufanya usaili mwingine.

Na ikitokea umeomba kazi usiitwe kabisa kwenye usaili, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal usome sababu. Mara nyingi ni cheti ambacho hakikuwekwa, barua isiyosainiwa, au majina yasiyolingana. Hayo yanarekebishika kabla ya tangazo linalofuata, na ni aibu kukosa kazi kwa jambo la namna hiyo.

Utasikia watu wakisema waliopita wote wamebebwa. Usiwafuate. Ukishaamini hivyo utaacha kusoma, na nafasi yako ataichukua mwenzako aliyekuwa anasoma. Atakayekuomba pesa akuuzie maswali au nafasi ni tapeli, mkatae na umripoti TAKUKURU.

Usingoje tangazo jipya ndipo uanze, kwa sababu kati ya tangazo na usaili muda hautoshi kujifunza sheria nzima. Jumamosi hii tafuta matokeo hayo manne au matano ya nyuma, ujaze daftari, unitumie picha ya ukurasa huo. Tutapanga ratiba pamoja, na kila mwisho wa wiki nitakupigia nikuulize maswali.

Mungu akutangulie.

Mjomba wako akupendaye