Nilifuta Maelezo, Nikaacha Kilichokatazwa

Kosa lilikuwa langu. Halikuwa la mtandao wa Komanda, ingawa mtandao ndio niliousingizia kwanza.

Mkubwa wangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Ubelgiji, na wakati huo aliuza vipuri vya magari vilivyotumika kwenye eBay: taa, pampu, vioo vya pembeni. Mimi nilikuwa Komanda, pale barabara ya kutoka Bunia inapogawanyika, moja ikishuka Beni na nyingine ikienda Mambasa hadi Kisangani. Kazi yangu ilikuwa kumtengenezea matangazo. Alinitumia maelezo kwa sauti kwenye WhatsApp, nami nikayaandika kwa Kifaransa safi na kuyapamba. Katika kupamba ndipo nilipojiona fundi. Kila tangazo nililitilia JavaScript: picha zinazobadilika ukipitisha kipanya, vichupo vya kubonyeza, na chini kihesabu cha wageni. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyewahi kukisifu kihesabu hicho.

eBay ilitoa taarifa mapema kwamba kuanzia Juni 2017 msimbo wa namna hiyo usingeruhusiwa tena ndani ya maelezo ya bidhaa: JavaScript, Flash na vingine vya jamii hiyo. HTML ya kawaida na CSS zilibaki halali. Sababu zilieleweka. Mwaka 2014 BBC iliripoti matangazo ya iPhone yaliyokuwa yakimhamisha mnunuzi, bila yeye kujua, hadi ukurasa bandia wa kumwibia neno la siri. Mapema 2016 kampuni ya usalama ya Check Point ikaonyesha kwamba JavaScript iliyoandikwa kwa alama sita tu, yaani mabano ya aina mbili, alama ya mshangao na ya kujumlisha, iliweza kupenya kichujio cha eBay. Isitoshe, msimbo huo ulizichelewesha kurasa kwenye simu. Yote hayo niliyasoma. Siwezi kusema sikujua.

Nilijua, nikaahirisha. Tarehe ilipofika, badala ya kufungua tangazo moja moja, niliyashusha yote katika faili moja na kuandika amri ya kutafuta na kufuta: anzia kwenye alama inayofungua script, ishia kwenye alama inayoifunga. Niliijaribu kwenye tangazo moja, likatoka safi. Tatizo ni kwamba tangazo hilo lilikuwa la zamani, lenye script moja tu. Mengine yalikuwa na mbili, ya vichupo juu na ya kihesabu chini, na amri yangu haikusema iishie kwenye alama ya kufunga iliyo karibu. Mwambie mtu wa pikipiki akushushe kwenye barieri bila kutaja ipi, naye atakupitisha zote hadi ya mwisho. Amri yangu ilifanya hivyo: katika kila tangazo ilianza kufuta juu na haikusimama hadi chini, ikibeba kila kilichokuwa katikati. Katikati ndipo maelezo yalipokuwa.

Nikatafuta neno script katika faili lote. Halikuwepo. Nikafurahi, nikapandisha faili, nikalala.

Malalamiko ya kwanza yalihusu kioo cha pembeni. "Mdogo wangu," mkubwa wangu aliniuliza, "kwani hukuandika kwamba mota yake imekufa?" Niliandika, na nilikumbuka hata sentensi yenyewe. Basi nikamjibu kwamba labda mtandao ulikata na ukurasa haukufunguka wote kwa mteja. Mteja mwenyewe alikuwa Ulaya. Nilikuwa nimezoea mno kisingizio hicho hata sikukumbuka kwamba mtandao mbovu ulikuwa wangu.

Baadaye nikafungua tangazo kwenye simu, jambo nililokuwa nikilikwepa ili kuokoa mega. Picha ilishuka polepole. Nikasubiri maneno. Chini ya picha kulikuwa na mstari mmoja tu, wa kumshukuru mteja. Nikadhani ukurasa bado unajifungua, nikasubiri tena. Ulikuwa umekwisha kufunguka. Nikafungua lingine, kisha lingine: picha, shukrani, basi. Nilikuwa nimekagua nilichofuta. Kilichobaki sikukitazama.

Lililonitia aibu zaidi nililiona nilipofungua faili. Amri za kubadilisha picha zilikuwa bado zimo ndani ya alama za picha zenyewe, kwa sababu amri ya onmouseover haihitaji neno script. Nilifuta maneno yasiyo na kosa, nikauacha msimbo uliokatazwa. Faili la awali sikuwa nalo. Nililihifadhi jipya juu yake, kwa jina lilelile.

Nilimpigia mkubwa wangu, nikamwambia haikuwa mtandao. Alinyamaza, kisha akauliza ni matangazo mangapi. Nilisema yote, ila yale ya zamani.

Wateja waliopokea kitu tofauti na walichodhani walirudishiwa pesa, na posta ya kurudisha ikalipwa na muuzaji. Maelezo mengi niliyapata tena kwa kusikiliza upya sauti zake za WhatsApp, usiku baada ya usiku. Zile nilizokuwa nimezifuta ili kupunguza uzito wa simu hazikupatikana. Vipuri vilivyoelezwa katika sauti hizo vilikwenda kwa jumla, kwa bei ya chuma chakavu. Pengo nililifidia kwa kazi bila malipo hadi mwaka uliofuata.