Marehemu Baba na Hesabu Yake

Wazee wa kamati wameniomba niandike machache juu ya marehemu baba yetu, ili wajukuu waliozaliwa huku ugenini wapate kumjua mzee wao. Nami nimekubali kwa kuwa nina deni kwake.

Baba alizaliwa Mombasa mwaka 1922. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Mwingereza, akafika Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Aliporudi alimwoa mama, akafanya kazi bandarini Kilindini, na mwaka 1966 akatuleta Uingereza. Mwaka uliofuata alipata kazi ya ubawabu katika maktaba ya chuo kikuu cha mji wetu, akaishika miaka 20 mpaka alipostaafu.

Sisi wanawe tulimjua kwa tabia moja. Kila usiku, kabla ya kulala, alipita vyumbani akituhesabu. Tulikuwa sita. Bibi, Mungu amrehemu, alimkataza tangu tuko Mombasa, akisema watoto hawahesabiwi, ni kuwatafutia kijicho. Baba alicheka tu, na kesho yake akahesabu tena.

Kazini vilevile. Mezani pake palikuwa na daftari: kila aingiaye alimchorea mstari, na kila atokaye alimkatia mmoja. Hakufunga mlango mpaka mistari yote imekatwa. Usiku mmoja wa baridi kali ulibaki mstari mmoja. Akapanda ghorofa zote na tochi mkononi, akamkuta msichana ameanguka kati ya rafu za vitabu, amezidiwa na pumu. Msichana alipona. Mkubwa wa kazi alimkemea baba kwa kuiacha meza bila mtu.

Mwaka 1972 mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Jioni moja niliingia maktaba pamoja na wenzangu watatu, na baba yuko mlangoni na sare yake. Niliona haya. Sikumwamkia, nilipita kama nisiyemjua. Yeye akatukaribisha kwa Kiingereza, kwa heshima ile ile aliyowapa wote, akachora mistari minne. Usiku ule nyumbani akasimama mlangoni pa chumba changu, akasema, “Sita,” akazima taa. Hakunigombeza, wala hakumwambia mama.

Miaka 12 ikapita. Siku moja ya Februari 1984, tukiwa wawili tu, akaniambia, “Mwanangu, leo imetimia miaka 40.” Ndipo aliponihadithia.

Mwanzo wa Februari 1944 waliondoka Kilindini katika msafara wa meli kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli iitwayo Khedive Ismail. Baba alikuwa katika meli nyingine, akitazama. Haikuchukua dakika tatu, imekwisha zama. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wa kike pia. Meli zao nyingine ziliamriwa zitawanyike mbio.

“Mle mlikuwa na vijana niliokaa nao kambini,” alisema. “Tukawapa mgongo, hatujui nani mzima nani maiti. Tangu siku ile siwezi kulala hesabu haijatimia.”

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikasema, “Niwie radhi, Baba, kwa siku ile ya maktaba.”

Akaniangalia. “Siku ipi? Si uliingia, ukatoka salama?”

Alifariki mwaka 1996, sisi sote sita tukiwa kando ya kitanda chake. Mama alimwinamia sikioni, akamwambia tumetimia.

Basi wanangu, wapwa zangu na wajukuu, shikamoo ile ya mwaka 1972 bado iko kwangu. Mkimpita bawabu mlangoni, mwamkieni. Na siku ya Idi mkija kwangu, msiudhike mkiniona nimesimama ukumbini nikinong’ona namba.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu, na wenzake waliobaki baharini, awalaze mahali pema peponi. Amin.