Kioo cha Kale Mbele ya Kamera Mpya

Neno "filta" limeingia madarasani mwetu kwa mlango wa simu ya mkononi. Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kanyosha filta ni nini, naye atakujibu pasipo kusita kwamba ni kitu cha ndani ya simu kinachoing'arisha sura, kikaichonga pua na kuyatia macho mwangaza ambao hayakuzaliwa nao. Sisi tuliokua wakati wa filamu tulilijua neno hilo kwa maana nyingine. Lilikuwa jina la kioo cha mviringo, chenye pete ya chuma na hesi, ambacho mpiga picha alikifunga mbele ya lenzi ili sehemu fulani ya mwanga isiingie ndani. Maana hizo mbili zinapingana: ya kwanza huongeza kisichokuwapo, ya pili hupunguza kilichopo.

Kiswahili kina neno lake safi la jambo hili, wala hatuoni sababu ya kulikimbia. Mpishi huchuja tui, akapata maji meupe na kuyaacha machicha katika kifumbu. Mwenye chai huchuja majani. Walimu nao wana mtihani wa mchujo, ambao wanafunzi hawaupendi. Katika mzizi huohuo limo neno kichujio, nalo lakitosha kioo chetu barabara. Tulipoyasema hayo darasani mwaka jana, msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kioo cha njano kinaifanya picha kuwa ya njano. Je, hicho si kuongeza?" Swali lilikuwa zuri kuliko maelezo yetu. Tulimjibu kwamba kioo cha njano hakitii unjano wowote. Huzuia bluu, na mwanga unaosalia ndio tunaouona kuwa njano. Tangu siku hiyo, kwetu sisi, kichujio ni kile cha kioo, na filta tumewaachia wenye simu.

Vichujio tunavyovizungumzia hapa vilitoka katika kisanduku cha mpiga picha mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mzee aliyefunga studio yake na kutugawia vile ambavyo wanawe hawakuvitaka. Vilikuwamo vya njano, vya machungwa, vyekundu, vya kijani, viwili vya bluu, kimoja cha kijivu, na kimoja cheusi kidogo kinachozunguka ndani ya pete yake. Baadhi vilikuwa na namba ambazo mgeni hawezi kuzikisia: 8 kwa njano, 25 kwa nyekundu, 58 kwa kijani, 80A kwa bluu. Namba hizo ni za Wratten, Mwingereza ambaye kampuni yake ilinunuliwa na Eastman Kodak mwaka 1912, na mpaka leo wapiga picha duniani huzitumia kama sisi tutumiavyo ngeli: hakuna azipendaye, na hakuna awezaye kuziacha.

Tulikuwa na kamera ya dijitali ya kuazima, na hamu ya kujaribu. Tulijaribu vyote. Twaweza kusema bila kumwonea mtu haya kwamba vingi havina kazi tena.

Chukua hicho chekundu. Zama za filamu ya nyeusi na nyeupe, kilikuwa hazina: kiliifanya mbingu kuwa nyeusi na mawingu kusimama mbele yake kama pamba. Lakini bamba dogo linalopokea mwanga ndani ya kamera ya dijitali limekwisha kufunikwa na vichujio vyake lenyewe, vidogo mno, kimoja juu ya kila pikseli. Mpango wake aliubuni Bryce Bayer wa Kodak, akapewa hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli huona kijani, robo huona nyekundu, robo huona bluu. Ukifunga kioo chekundu mbele ya lenzi, pikseli zilizo nyingi hukaa gizani, na ni robo tu inayofanya kazi ya maana. Picha hutoka yenye chengachenga. Ukiiacha kamera ipige kwa rangi zote, kisha ukaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa programu, waweza kupata mbingu ileile bila hasara hiyo. Vile vya bluu navyo vilikuwa vya kurekebisha rangi ya taa za balbu ndani ya nyumba. Siku hizi kamera hujisawazishia weupe yenyewe. Hata kile cheupe cha kuzuia miale ya urujuanimno, ambacho wauzaji hawachoki kukisifia, hakizuii ila kile ambacho kamera yenyewe imekwisha kukizuia. Kinafaa kuilinda lenzi na vumbi la kiangazi, basi.

Kilichotushangaza ni kile kinachozunguka, yaani polaraiza. Hiki hakichagui rangi. Huchagua upande ambao mawimbi ya mwanga yanatetemekea. Mwanga unapogonga uso wa maji na kurudi juu, mawimbi yake mengi hulala upande mmoja. Zungusha kioo mpaka kiukatae upande huo, na mng'ao unaondoka mbele ya macho yako kama mtu aliyefungua pazia. Kazi hii haina programu ya kuifanya baadaye. Mng'ao ukishaingia katika picha, umekwisha kuyafunika mawe yaliyo chini ya maji, na kamera haikuyaona mawe hayo hata kidogo. Programu ikiyachora, itakuwa imeyatunga.

Polaraiza za kale zilidharauliwa kwa muda mrefu, na sababu yake inafaa kuelezwa. Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera yake ya 7000 iliyoweza kulenga yenyewe, na mtindo huo ukaenea. Kamera za namna hiyo huwa na kioo cha ndani kinachougawa mwanga, sehemu kwenda kwenye jicho la mpigaji na sehemu kwenda kwenye chombo cha kulengea. Polaraiza ya kale hukivuruga kioo hicho, kikaugawa mwanga kwa kipimo cha uongo. Ndipo zikaenea polaraiza zenye tabaka la pili nyuma yake, ghali zaidi, na za kale zikatupwa makabatini. Lakini tangu 2008 zimekuja kamera zisizo na kioo hicho cha ndani kabisa. Ndani ya kamera hizi hakuna cha kuvurugwa. Kile kilichotupwa makabatini kimepata kazi upya, tena bei yake sokoni ni kama bei ya daftari.

Vitabu vya Ulaya humshauri msomaji aelekeze polaraiza ubavuni mwa jua, maana hapo ndipo mbingu hujibu vizuri. Ushauri ni wa kweli, lakini uliandikwa na watu ambao jua halipandi utosini kwao. Hapa Kanyosha, siku za katikati ya Machi na za mwanzo wa Oktoba, saa sita mchana jua husimama juu ya kichwa. Wakati huo upeo wote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, uko ubavuni mwa jua. Wapiga picha hufundishwa kuikimbia saa sita kwa ukali wa vivuli vyake. Mwenye polaraiza na ziwa mbele yake hana budi kuingojea saa hiyohiyo. Jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo, ukielekeza kioo upande wa Uvira hakibadilishi kitu katika mbingu. Moshi mzito wa mashamba yanayochomwa wakati wa kiangazi nao haukiogopi.

Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya watu; habari za Gatumba zilifika mbali. Upande wetu, chini ya barabara iendayo Rumonge, wako waliopoteza ua, na wako waliopoteza nyumba. Jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, ukuta wake wa mbele uliangushwa na mawimbi, na msingi wake ukabaki chini ya maji, hatua chache kutoka ufukweni. Alihofu kwamba siku maji yatakapopungua, kila mtu atadai mchanga ulipo. Alikuwa amekwisha kupiga picha kwa simu ya mjukuu wake, akapata mbingu na mawingu juu ya maji, wala hapana msingi.

"Mwalimu," alituambia, "mimi sitaki picha nzuri. Nataka mawe yangu yaonekane."

Tulikwenda naye mwanzoni mwa Oktoba, saa sita kasoro. Polaraiza ya yule mzee wa Buyenzi ina upana wa milimita 55 na lenzi yetu ina 52. Pete ya kuunganishia ilipatikana kwa fundi wa redio. (Kioo kipana juu ya lenzi nyembamba ni sawa, kinyume chake huzitia pembe za picha giza.) Pembe ya kutazamia maji ndiyo siri ya kazi: yakupasa kuinamisha kamera kiasi cha nyuzi 37 kutoka usawa wa maji, kwa kuwa hapo ndipo mng'ao unapotii zaidi. Tulisimama juu ya kifusi, tukazungusha pete polepole. Mstari wa matofali ulijitokeza, kisha kona, kisha kipande cha nguzo ya lango. Mzee alitaka kutazama mwenyewe, akakizungusha kioo mbele na nyuma mara nyingi, ukuta wake ukija na kuondoka mkononi mwake. Hakusema neno kwa muda.

Yafaa tuseme pia, ili vioo hivi tusivigeuze watakatifu, kwamba hata vya kale vilijua kudanganya. Kioo chekundu mbele ya filamu ya nyeusi na nyeupe kiliing'arisha ngozi ya kahawia, na cha kijani kiliitia weusi. Kinachotuhuzunisha katika simu za leo si kwamba zina uwezo huo, ila kwamba zinautumia bila kuulizwa: mwaka huu picha ya darasa letu ilituletewa na mwanafunzi, na wasichana wote walikuwa weupe kuliko mama zao. Tulimwomba aipige upya.

Mzee tulimchapia picha mbili, zilizopigwa dakika moja mahali pamoja, moja yenye mng'ao na moja isiyo nao. Aliuliza ya kwanza ni ya nini. Tulimweleza kwamba atakayeiangalia ya pili peke yake huenda akadhani maji hayakuwapo. Alizitia zote katika bahasha ya hati zake za kiwanja, akatuuliza kama tungerudi Machi, maji yakiwa yamepanda tena.